Daftari langu liliishia ukurasa wa nne

Kazi yangu ni uhasibu. Nalitaja hilo mapema ili isije ikadhaniwa niliingia kwenye kufufua gari kuukuu kwa kutojua hesabu. Siku nilipolivuta nyumbani kwa kamba Datsun 1200, halina betri, halina kioo cha mlango mmoja, na kiti cha nyuma kimetafunwa na panya, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua daftari. Kushoto tarehe, katikati kilichonunuliwa, kulia fedha. Nilikusudia kuandika kila kitu, hadi nati. Nilipofika ukurasa wa nne nikajumlisha kwa mara ya kwanza, nikaona nimeshapita bei ya gari kama hilohilo likiwa zima na linatembea. Nikalifunga daftari, nikalitupia kwenye droo ya bisibisi.

Mke wangu aliuliza mara moja tu. "Baba watoto, ukilimaliza utaliuza?" Nikasema hapana. "Utaendea kazini?" Nikasema hapana, kazini naenda na lile jingine. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi angalau usipangusie grisi kwenye taulo zangu." Sharti hilo nimelivunja mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Wapo wanaotafuta kasi, wapo wanaotafuta sifa, na wapo wanaonunua mikweche wakaing'arisha na kuiuza. Hao watajisemea wenyewe. Mimi shida yangu ilianzia kwenye gari langu la kila siku. Nimeliendesha miaka sita na silijui. Taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anachomeka kifaa, anasoma namba, ananiambia kilichokufa, nalipa, naondoka. Sina ugomvi na utaratibu huo, na gari lenyewe halijawahi kuniacha njiani. Ila hata fundi akinidanganya sina pa kumshikia.

Kwenye 1200 hakuna cha kuchomeka. Datsun walilitoa mwaka 1970, likiwa na injini ya A12: silinda nne, kipenyo milimita 73, pistoni inasafiri milimita 70. Piga hesabu ya mche duara, zidisha kwa nne, unapata sentimita za ujazo 1171, ileile namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mimi niliipiga. Kisha nikashusha injini, nikafungua silinda hedi, nikaingiza kipimo ndani ya silinda na kukuta 73 na vidogo vya kuchakaa. Nilifurahi kama nimepata risiti iliyokuwa imepotea tangu mwaka juzi. Spea zake nazo hazijaisha, kwa kuwa gari dogo liliondoka mapema lakini pikapu ya ukoo wake iliendelea kutengenezwa Japani hadi 1994, na Afrika Kusini hadi 2008.

Fedha nyingi hazikuliwa na injini, zililiwa na bodi. Sakafuni upande wa dereva niliona tundu la ukubwa wa sarafu. Nikaligusa kwa bisibisi, bisibisi ikazama yote. Kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi hufura kama lengelenge kabla ya kupasuka, na ukiona lengelenge moja ujue chini yake kuna ukoo mzima. Chanzo chenyewe kilikuwa upuuzi: njia za kutolea maji chini ya kioo cha mbele ziliziba kwa majani makavu, maji yakawa yanateremkia ndani na kulala chini ya zulia, mvua baada ya mvua. Nilikata hadi nikafika kwenye chuma kinachong'aa. Kipande nilichochomelea nilikiumba mara tatu; viwili vya kwanza vimetundikwa ukutani, havifai kwa lolote.

Humo ndani ya kizingiti cha mlango, chini ya tabaka nene la puti, nikakuta gazeti limesindiliwa kama kizibo. Nikamlaani aliyelisindilia. Siku chache baadaye nikafungua wayaringi ya stata, nikakuta waya uliokatika umeungwa kwa solda safi, umevishwa mpira, umefungwa kwa uzi, kazi ya mtu asiye na haraka hata chembe. Basi nikaanza kuwatambua. Kulikuwa na mtu wa gazeti, mtu wa solda, na wa tatu aliyekuwa anakaza kila bolti kama ana kisasi nayo; huyo ameniachia nyuzi tatu zilizokufa kwenye bloku, yaani matundu ambayo bolti haishiki tena. Sijui sura zao, lakini mikono yao naijua kuliko ninavyojua mikono ya majirani zangu.

Wa nne ni mimi, na sidhani kama nina haki ya kumcheka mtu wa gazeti. Nilirudisha injini mwezi wa nane tangu niishushe. Nikapiga stata. Ikazunguka vizuri, ikakohoa, kisha ikapiga chafya ya moto kupitia kabureta, nikaruka nyuma. Nikanunua plagi. Chafya. Nikanunua kondensa na koili. Chafya. Nikapima kwa fila geji mwanya wa pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme ili cheche iruke, nusu milimita kamili, nikabadilisha hadi waya za plagi. Wiki mbili zikaisha hivyo. Kwenye uhasibu tuna akaunti ya muda ya kuegeshea tofauti ambazo chanzo chake hakijajulikana, na mwisho wa mwaka mkubwa mmoja anaweka sahihi, zinafutwa. Injini haina akaunti hiyo.

Aliyenitoa ni mpwa wangu, alikuwa kwetu likizo. "Mjomba, hii alama ya kwenye puli una uhakika nayo?" Nikaanza kumpa somo: alama ikikaa kwenye sifuri, pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Nikasita katikati ya sentensi. Injini ya mipigo minne pistoni hufika juu mara mbili, mara moja ikiwa imeshindilia hewa na petroli tayari kwa cheche, mara ya pili ikimaliza kusukuma moshi nje. Krankshafti, inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili ndipo kamshafti, inayofungua valvu, izunguke mara moja, na distribyuta, inayogawia plagi umeme wa cheche, inafuata kamshafti. Puli imefungwa kwenye krankshafti, kwa hiyo alama yake ni ileile mara zote mbili.

Nikatoa plagi namba moja, nikamwambia azibe tundu kwa kidole gumba, nikazungusha injini taratibu kwa spana. "Upepo unanisukuma, mjomba!" Nikaendelea kidogo, alama ikatua kwenye sifuri. Nikafungua kifuniko cha distribyuta. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake na kuelekeza umeme, ilikuwa imeelekea namba nne. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, moja na nne zinatazamana, na mimi nilikuwa nimeirudisha nusu duara nzima. Kurekebisha hakukuchukua nusu saa. Koili ya zamani ilikuwa nzima siku zote, nimeihifadhi.

Ikashika kwa stata ya pili. Ilitetemeka, valvu zikigonga kama cherehani, moshi wa buluu ukatanda gereji nzima, na mpwa wangu akawa anapiga kelele huku amejishika kidole gumba. Hapo ndipo ningemjibu yeyote anayeuliza fedha zinakwenda wapi, kama angekuwepo na kama angenisikia kwenye ule mlio.

Daftari nimelitoa tena kwenye droo. Nimeanzia ukurasa wa tano, ila safu ya kulia siandiki fedha. Mwanya wa valvu: milimita 0.35, injini ikiwa ya moto. Pointi: 0.50. Bolti za hedi: kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Uzi uliokufa, wa pili kutoka kushoto, umetengenezwa, usikazwe kwa hasira. Nimeandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya mtu wa tano.

Jumamosi hii ni breki za nyuma. Silinda ya gurudumu la kushoto inavuja tone moja kwa siku, na nimeshaharibu taulo.