Siku nzima na losheni inayoteleza

Saa moja asubuhi. Mwenye boda wa Ntinda, hapa Kampala, ananiita "afande" kwa sababu ya Kiswahili changu. Nimekulia kambi ya jeshi, sikatai. Wandegeya nanunua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, nakula nikitembea.

Saa mbili. Nawasha kompyuta. Kazi yangu ni kukokotoa jinsi losheni ya mafuta ya shea inavyotiririka na kubadilika umbo. Losheni ni matone ya mafuta ndani ya maji. Einstein alikokotoa jinsi chembe ngumu zinavyoongeza mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, akakosea, akasahihisha mwaka 1911. Mwaka 1932 mwanafizikia Taylor akaongeza kwamba mafuta ndani ya tone nayo huzunguka. Hesabu zao zinafaa matone yakiwa machache. Yetu ni asilimia 70 mafuta. Yamebanana kama abiria wa teksi ya jioni, yamekandamizana hadi hayana tena umbo la mpira. Losheni hiyo haisogei mpaka uisukume vya kutosha, ndiyo maana natumia mlinganyo wa Herschel na Bulkley wa mwaka 1926.

Saa nne. Balaa lilelile la wiki nzima: reomita, mashine inayopima mtiririko wa losheni kati ya sahani mbili, inasema losheni inaanza kusogea kwa nusu ya mkazo (nguvu ya kuisukuma kwa kila eneo) ninaoukadiria.

"Mzee, nimekwama," namwambia fundi wa maabara.

"Umejaribu kubadilisha pengo, mwanangu?"

Sijajaribu. Napima sahani zikiachana milimita 1, kisha nusu milimita. Kasi ya mkwaruzo, yaani kasi ya sahani ukigawa kwa pengo, ni ileile, kwa hiyo mistari ya grafu ilipaswa kulaliana. Imeachana! Basi losheni haitiririki, inateleza juu ya utando mwembamba wa maji kwenye uso wa sahani za chuma, usio na mikwaruzo.

Mzee anatoa msasa kwenye droo. Tunakata miduara miwili kwa mkasi, tunabandika kwenye sahani kwa gundi ya pande mbili, ili losheni isiteleze. Wa kwanza unafanya kiputo cha hewa katikati, tunaubandua. Kisha tunaweka upya sifuri ya pengo, maana msasa una unene wake. Kazi ya saa nzima hiyo.

Chakula: matoke na mchuzi wa karanga. Harakaharaka.

Saa tisa. Mistari imelaliana, na mkazo umepanda karibu na makadirio yangu. Umeme unakatika, jenereta inakohoa, namba zipo salama.

Saa kumi na moja. Wiki nzima nimekuwa nikifuta mistari ya programu isiyokuwa na kosa lolote. Sasa naanza kuirudisha, mmoja mmoja.