Nimerudi Mtwara, wamenivalisha

Barabara ni nzuri. Hilo nalimaliza mwanzoni, maana sote tulioondoka Kusini zamani tuna hadithi moja ya kile kipande cha barabara cha Ndundu na Somanga: basi limenasa, abiria wameshuka, konda yuko kwenye tope hadi magotini, na watu wanalala njiani kama wametupwa. Siku hizi unaondoka Dar, Mbagala Rangi Tatu, alfajiri, Daraja la Mkapa unalipita bado una usingizi, Nangurukuru unanunua korosho dirishani, na jua halijazama unayaona maji ya Mikindani. Anayekuambia Mtwara ni mbali hajaja miaka mingi.

Kilichonishtua ni nguo zangu mwenyewe.

Nilikuwa Berlin, nalea wazee. Mtu wa kazi ile anavaa jinzi, fulana, raba nzito na koti moja kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Sweta lilelile unapanda nalo treni wiki nzima na hakuna wa kukutupia jicho. Nikashuka stendi ya Mtwara hivyohivyo, begi mgongoni. Mama mdogo alinikagua kuanzia chini kwenda juu, akaitikia shikamoo yangu, akanikumbatia vizuri tu, kisha akamwambia kijana wa bajaji apitie njia ya nyuma. Nikadhani anakwepa foleni. Foleni gani Mtwara?

Chumbani nilikuta dera limenyooshwa, limetandazwa kitandani, mtandio wake pembeni na sendo zenye vito.

"Vaa kwanza, mwanangu, ndipo majirani waingie."

Nikamwambia nimechoka, naoga nalala.

"Utalala umevaa."

Nikavaa. Majirani wakaingia, wakanitazama, wakasema nimenawiri. Raba zangu zilikuwa zimeshafichwa chini ya kitanda.

Mnaikumbuka Mtwara yetu. Kanga doti moja, kipande kiunoni kipande kichwani, na mama ametoka amependeza. Mpya ilinunuliwa korosho zikishalipwa, au Idi. Wazee na misuli yao, kofia imekaa upande. Fundi mmoja na cherehani yake chini ya mwembe, anashona magauni ya mtaa mzima kwa mtindo mmoja, ukitaka hutaki. Bibi zetu wa Newala walikuwa na chale usoni, wengine na ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, urembo ambao mtu hauvui akienda kulala wala hamkopeshi shoga yake. Sisemi watu hawakupenda kupendeza. Walipenda mno. Ila sikumbuki mtu kuvaa nguo ya deni.

Sasa kuna sare. Harusi ina sare, kumtoa mwali kuna sare, kumaliza kikoba kuna sare. Korosho zikishapita mnadani shughuli zinafuatana wikiendi kwa wikiendi, kila moja na kitenge chake, na kitenge cha Jumamosi iliyopita hakiruhusiwi Jumamosi hii. Wiki yangu ya kwanza niliingizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu nisiowajua, wananitumia rangi na bei. Nikifungua kabati la mama mdogo mlango haurudi, vitenge vinasukuma. Nikitazama juu, bati ni lilelile lenye kutu. Pesa ya bati niliituma. Naijua tarehe yake.

Nilimuuliza. Hakubabaika hata kidogo. "Ulitaka niende kwenye shughuli za watu na kanga imefifia, waseme mtoto wake yuko Ulaya na anamwacha hivi? Bati nani analiona? Wanalala kwangu?"

Jibu sikuwa nalo, na mpaka leo sina.

Kisha akaja muuza vitenge kutoka sokoni. Mtu mstaarabu, ana ndevu za hina, akaketi barazani akauliza habari za baridi. Bahati mbaya siku hiyo nilikuwa nafua, nimerudia jinzi yangu na fulana iliyotoboka kwapani. Alinitazama kwa adabu, na mimi nikaona hesabu zinavyomporomoka usoni. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote hiyo mama mdogo amekuwa akichukua vitenge kwa jina langu. "Mwanangu yuko Ujerumani" ndiyo ilikuwa dhamana, na dhamana yenyewe sasa iko uani na povu la sabuni mikononi. Lile dera la siku ya kwanza lilikuwa la kumtuliza mtu kama huyu. Pengine lilitoka dukani kwake.

Basi hata matembezi yamekuwa ya nguo. Binamu zangu walinipeleka Mikindani na mpiga picha wa kukodi. Nilitaka kuzurura tu kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, lile Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, na ilipo nyumba wanayosema alikaa Livingstone kabla ya kuanza safari yake ya mwisho mwaka 1866. Tukaishia kubadilisha nguo nyuma ya ukuta uliobomoka, zamu kwa zamu, mmoja akishika kanga ya kumziba mwenzake. Mzee aliyekuwa anashona nyavu kwenye kivuli alituomba tusimkanyagie kazi. Picha zimetoka vizuri, siwezi kusema uongo. Mzee hayumo.

Njiani binamu wakaniuliza nini kizuri nilichokiona Ulaya. Nikawaambia mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Amefukuliwa hapa Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa yake ikabebwa na wapagazi hadi pwani, na sasa amesimama Berlin kwenye jumba la makumbusho, kimo chake zaidi ya mita 13. Hana hata uzi mwilini, na watu wanapanga foleni, wanalipa kumtazama. Mtu wa Lindi pekee aliyefika Ulaya akaheshimiwa akiwa uchi. Walicheka mpaka dereva akapunguza mwendo. Mimi nikacheka kidogo kuliko wao.

Mnaokuja, nawaambia haya kwa nia njema au mbaya, chagueni. Msimbati nendeni, bahari ni ileile na mchanga wake haujapata mfano, ila gari dogo litazama, andaeni kiingilio cha hifadhi ya bahari, na vaeni kandambili. Nimemshuhudia dada na viatu virefu akibebwa mgongoni. Msangamkuu vukeni kwa pantoni asubuhi, kabla jua halijakasirika. Ming'oko, vile viazi vya porini, kuleni barabarani, kwa chumvi na pilipili, na msikubali mtu awapeleke kula chipsi. Na begini wekeni gauni moja la maana juu kabisa, lisikunjwe, mlivae basi likifika Mikindani. Msipolivaa, mtavalishwa, na bili itawafuata.

Mimi nimekuja kukaa. Mkataba umekwisha, mgongo umekwisha, chumba cha Berlin nimerudisha funguo. Juzi usiku nilimweleza mama mdogo tukiwa tunachambua dagaa. Alinyamaza, akatoa vichwa vya dagaa kama kumi hivi, akaniambia karibu nyumbani, hapa ni kwako. Kisha akainamisha sauti:

"Ila yule wa vitenge asijue kwanza. Mpaka Idi ipite."