Kusimama nyuma ya raundi

Ijumaa, usiku

Semina ya wahadhiri wapya iliisha Jumatano. Watu walikuja, walibaki hadi jioni, vyeti vikagawiwa na picha ya pamoja ikapigwa mbele ya ukumbi. Jana ndiyo nikaanza sehemu ninayoipenda zaidi ya kazi hii ya kuwaendeleza wahadhiri wa udaktari: nilivaa koti, nikaenda wodini kusimama nyuma ya raundi, ule mzunguko wa kitanda hadi kitanda pamoja na wanafunzi, ya daktari mwenzangu kijana, kumtazama anavyofundisha.

Ni bingwa wa magonjwa ya ndani, amemaliza uzamili juzi juzi tu. Kwa tiba simtilii shaka hata chembe. Mama yangu akiugua ningempeleka kwake. Wanafunzi walikuwa wamekizunguka kitanda safu tatu, wale wa mwaka wa tatu nyuma kabisa wakinyoosha shingo. Mgonjwa ni mama wa miaka thelathini na kitu, anahema, miguu imevimba, hawezi kulala bila kuegemea mito. Daktari alimsalimia, akamwomba ruhusa ya kuzungumzia ugonjwa wake mbele ya vijana, akavuta pazia. Hilo nililiandika la kwanza kwenye daftari langu, maana wapo wanaolisahau.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano akasoma historia ya mgonjwa. Kisha likaja swali: "Moyo wa mama huyu umeshindwa kazi kwa sababu gani?" Kimya. Hazikupita sekunde mbili, daktari akalijibu mwenyewe, na jibu lilikuwa zuri kwelikweli: shinikizo la damu, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, upungufu mkubwa wa damu, kila kimoja na dalili zake. Vijana wakaandika mbio mbio. Kule nyuma nilikosimama, binti mmoja wa mwaka wa tatu alimwuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Kwani amejifungua lini?" Jirani hakumjibu, alikuwa anaandika.

Hilo ndilo lilikuwa swali la asubuhi nzima. Kuna ugonjwa wa msuli wa moyo unaompata mwanamke mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na Afrika si ugonjwa wa kuusoma vitabuni tu. Yule binti alikuwa ameziona nepi za kitambaa zimeanikwa kwenye chuma cha kitanda. Daktari naye alifika huko huko baadaye, alipofungua ukurasa wa pili wa faili. Ila binti hakupata kujua kwamba alikuwa amewatangulia wote.

Tulipomaliza tulikaa kwenye benchi karibu na chumba cha dawa. Nikamwuliza, "Dokta, wewe mwenyewe umeionaje?" Akasema muda haumtoshi: wagonjwa wengi, wanafunzi wengi, ndiyo maana anawahi kujibu ili raundi isogee. Simlaumu. Vyuo vimepanua udahili na vitanda ni vilevile, walimu ni walewale. Nikamweleza habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyepima muda ambao walimu wa shule huusubiri baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ilikuwa kama sekunde 1. Walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema, na wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Sekunde 3 hazimcheleweshi mgonjwa yeyote. Kisha nikamwambia habari ya nepi na yule binti.

Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza: "Ni yupi?"

Niliposikia hivyo moyo wangu ulitulia. Mwalimu anayetaka kujua ni yupi, huyo anafundishika.

Nimekuwa nikiwaza sana kuhusu George Miller, daktari wa Marekani. Katika miaka ya 1950, alipokuwa Buffalo, alifanya jambo ambalo kwa madaktari wa wakati ule lilikuwa zito: alikwenda kwa wataalamu wa elimu wa chuo chake akawaomba wawasaidie walimu wa udaktari wajifunze kufundisha. Stephen Abrahamson, ambaye hakuwa daktari bali mtu wa elimu, akashirikiana naye. Mwaka 1959 Miller akahamia Chuo Kikuu cha Illinois kule Chicago kuongoza ofisi ya utafiti wa elimu ya udaktari. Mengi tunayoyafanya leo katika kuwaendeleza wahadhiri yana mizizi katika ule uamuzi wa kukiri kwamba kujua tiba na kujua kufundisha tiba ni kazi mbili.

Watu wengi wanamkumbuka kwa ile piramidi aliyoichapisha mwaka 1990. Chini kabisa mtu anajua. Juu yake anajua namna ya kufanya. Juu zaidi anaonyesha akiwa kwenye mtihani. Kileleni anafanya kweli, kazini, na mgonjwa wa kweli. Tunaitumia kwa wanafunzi kila siku. Ndiyo maana hatuwapi leseni kwa mtihani wa kuandika peke yake, na ndiyo maana tuna ule mtihani wa vituo ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliutangaza mwaka 1975, mwanafunzi akihama kituo kimoja hadi kingine huku akitazamwa anavyompima mgonjwa.

Lakini kwa walimu wenyewe tunaishia ngazi ya pili. Tunawaweka ukumbini, tunawaonyesha slaidi za namna watu wazima wanavyojifunza, wanajibu maswali, tunawapa cheti. Nani amewahi kwenda kuwatazama wakifundisha kando ya kitanda? Nimewauliza wenzangu wa vyuo mbalimbali, na walio wengi, maprofesa wakiwemo, wanasema hawajawahi kutazamwa na mwenzao hata mara moja tangu waajiriwe. Mwanafunzi hatuwezi kumruhusu atoboe mshipa wa mtu bila kumwona akifanya. Mwalimu tunamkabidhi vijana mia kwa imani tu.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nimeusema kwenye vikao mpaka nimezoeleka, ni huu: anayeongoza kazi ya kuwaendeleza wahadhiri wa udaktari lazima awe bado anaona wagonjwa, na lazima naye akubali kutazamwa. Nilipopewa jukumu hili, wakubwa wangu walinishauri kwa nia njema, "Sasa wewe ni kiongozi, wodi waachie vijana." Nilikataa. Nikiiacha wodi, baada ya muda nitakuwa nazungumzia raundi ninayoikumbuka badala ya raundi iliyopo, yenye simu mkononi mwa kila mwanafunzi, daktari mtarajali ambaye hajalala, na kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo, chenye foleni.

Kule Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vimeshirikiana tangu chuo cha udaktari pale kilipokuwa kichanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na daktari wa Indiana amekuwa akiishi palepale, anafanya kazi wodini bega kwa bega na Wakenya. Joe Mamlin, aliyekuwa profesa kule Indiana, alihamia Eldoret akaishi huko miaka mingi. Falsafa yao ni kwamba huduma kwa mgonjwa inatangulia, kisha mafunzo na utafiti vinafuata nyuma yake. Naamini hata uongozi wa walimu unastahili kupangwa kwa mtiririko huohuo.

Mitaala yetu imebadilika sana. Makerere walihamia kwenye kujifunza kwa kutatua tatizo mwaka 2003. Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, walianza mitaala ya umahiri, inayotazama kile mwanafunzi anachoweza kufanya, mwaka 2011. Mwaka 2010 Marekani ilizindua MEPI, mpango wa kusaidia elimu ya udaktari, takriban dola milioni 130 kwa miaka 5, kwa vyuo vya udaktari vya Afrika kusini mwa Sahara, KCMC ya Moshi ikiwemo. Hayo yote nayaheshimu. Ila mtaala hauingii wodini kwa miguu yake. Unaingia na mwalimu, na kama mwalimu bado anajibu swali lake mwenyewe baada ya sekunde mbili, basi kilichobadilika ni jalada.

Leo asubuhi nilirudi tena kwa kijana wangu. Jana jioni tulikuwa tumepitia pamoja hatua tano ambazo Jon Neher, daktari wa familia wa Marekani, na wenzake walizichapisha mwaka 1992 kwa ajili ya walimu wasio na muda. Nazipenda kwa kuwa hazihitaji projekta wala posho. Kwanza unamtaka mwanafunzi aseme yeye anafikiri ni nini, kabla hujasema lolote. Unamwuliza amefikaje hapo. Unamfundisha kanuni moja tu, inayobebeka. Unamwambia waziwazi alichopatia, kisha unamsahihisha alipokosea. Ile ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote kwetu sisi, tuliolelewa kwamba mkubwa akiwepo mdogo hasemi. Mwanafunzi anaogopa kukosea mbele ya wenzake na mbele ya mgonjwa, na hofu hiyo haiondoki kwa kuambiwa "kuwa huru". Inaondoka akiona aliyejibu vibaya jana hakudhalilishwa.

Kwa hiyo leo daktari alisimama upande wa pili wa kitanda, si kwenye kichwa bali miguuni, ili safu ya nyuma imwone. Mama amepata nafuu kidogo. Anaongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Daktari akauliza, akangoja. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa kitanda kwa nguvu, kimya kilikuwa kinamuuma. Kisha akasema, "Jana kuna mtu aliuliza mama amejifungua lini. Nataka nimsikie." Binti akasogea mbele. Alisema polepole, huku akimtazama mgonjwa badala ya daktari, kwamba alikuwa amezifikiria nepi, na kwamba mama hakuwa na ugonjwa wa moyo kabla ya ujauzito huu. "Umejuaje kwamba hakuwa nao?" "Nilimwuliza jana jioni, nilirudi."

Alirudi mwenyewe, jioni, hakuna aliyemtuma. Daktari akamwambia hapo hapo kwamba kazi ya daktari ndiyo hiyo, kisha akawafundisha wote kanuni moja: mwanamke yeyote aliyejifungua miezi ya karibuni akianza kuhema, usitulize akili kwenye upungufu wa damu mpaka umeuchunguza moyo. Moja tu. Zile nyingine za jana hakuzigusa.

Mchana aliniomba zamu yake ya kunitazama mimi. Jumanne atakuja kwenye kliniki yangu na daftari. Ameshaniuliza swali ambalo nalipenda: kwa nini wakati mwingine mwanafunzi ananiuliza kitu ninachokijua na bado simjibu, namrudisha kwa mgonjwa? Nimemwambia aje aone kwanza ndipo tujadili.

Kuna jambo linaloniumiza, na nitaliandika bila kuficha. Saa alizotumia kijana huyu wiki hii hazitaonekana popote kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Machapisho yatahesabiwa, miradi itahesabiwa. Mwalimu aliyemfanya mwanafunzi arudi wodini jioni kwa hiari yake atajazia mstari mmoja: "amefundisha". Nimeandaa pendekezo kwamba ripoti ya mwenza aliyemtazama mhadhiri akifundisha iingie kwenye faili lake, iandikwe kwa uangalifu ule ule tunaotumia kupitia makala ya jarida, na walioonyesha umahiri wapewe jukumu la kuwatazama wengine pamoja na saa za kuifanya kazi hiyo. Bila saa, tunawaongezea mzigo tu na kuuita heshima. Litakwenda kwenye kikao cha idara mwezi ujao. Wapo watakaolipinga, nami nitalitetea.

Inchaji wa wodi alinisimamisha nikitoka. "Dokta, na sisi je? Wauguzi wangu wanafundisha wanafunzi hao hao kuweka dripu na kupima presha kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuja kutuangalia sisi." Ana haki kabisa. Nimemwahidi Jumatatu nitafika saa moja kasoro, kabla ya raundi ya dawa, na amesema atawapanga wawili walio tayari.