Redio iliyonyamaza kila nikielekea kaskazini

Kwa wiki tatu niliamini redio yangu ni mbovu. Asubuhi inaimba vizuri, jioni inakatikakatika. Siku nyingine kinyume chake. Nilibadilisha kebo, nikasafisha plagi, nikazima na kuwasha mpaka kidole kikachoka. Mwishowe nikatafuta uwanja mtupu, hakuna mti wala jengo, nikawa nazunguka polepole na pikipiki kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Nikielekea kusini, muziki. Nikielekea kaskazini, kimya. Nikarudia mara nne ili nisijidanganye. Redio ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa kifua changu.

Nianzie nyuma kidogo. Pikipiki yenyewe ni ya safari ndefu, lile dude lenye kioo kirefu cha mbele, masanduku mawili ubavuni na moja nyuma ya kiti cha abiria. Nilitaka vitu viwili tu juu yake: GPS ya kunionyesha njia, na redio ya setilaiti, kwa sababu ukisafiri kutwa nzima stesheni za FM zinakuja na kuondoka kabla hujajua mtangazaji anaitwa nani. Redio ya aina hii, kwa sasa, ni jambo la Marekani na Kanada, ninakoendesha mimi. Kampuni mbili zilizoshindana huko, Sirius na XM, ziliungana mwaka 2008. Afrika nayo iliwahi kuonja: setilaiti ya AfriStar ya kampuni ya WorldSpace ilirushwa Oktoba 1998, lakini kampuni ikaishia mahakamani kwa madeni mwaka huo huo wa 2008, na vile viredio vyenye antena ya kufunua kama kifuniko vikabaki mapambo ya kabatini.

Kwa ramani nilianza na simu, kama kila mtu. Nilijuta. Injini kubwa ina mtetemo ambao mkono hauusikii sana, ila kamera ya simu inausikia vizuri sana. Lenzi za simu nyingi za siku hizi zinaelea juu ya sumaku na springi ndogo ili picha zisitikisike, na mtetemo wa usukani unazichosha. Mwaka 2021 Apple walitoa onyo la wazi kuhusu kufunga simu zao kwenye pikipiki zenye injini kubwa. Yangu haikuwa ya kwao, lakini baada ya msimu mmoja kila picha ilitoka kama imepigwa ndani ya maji. Nikanunua GPS iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki: skrini inakubali kidole chenye glavu, mvua haiiingii, na jua la saa sita haliifuti.

Kuifunga hakukunisumbua. Nilitumia mkono wa chuma wenye tufe la mpira kila upande, ukikaza skrubu moja ya katikati tufe zote mbili zinashika. Kilichonichukua muda ni kujua ikae wapi. Nilikaa kitini nimevaa kofia ngumu, nikafumba macho, nikafumbua nikitazama mbele kama niko barabarani, kisha nikashusha macho bila kuinamisha kichwa. Pale macho yalipogota ndipo niliposogeza skrini, juu ya dashibodi, chini kidogo ya ukingo wa kioo. Ukienda kilomita 100 kwa saa, kila sekunde unameza mita 28 za barabara. Skrini ikikaa juu ya tangi, kama wengi wanavyoiweka, kila ukiitazama kidevu kinashuka kifuani na hizo mita unazipita kipofu.

Redio nikaibana upande wa kushoto wa usukani, vitufe vyake vifikiwe na kidole gumba. Antena yake, kidude bapa chenye ukubwa wa kibiriti, nikaigandisha kwenye kipande cha bati katikati ya usukani. Kebo fupi, kazi safi, nikajipongeza.

Kisha umeme, na hapa niliharibu mapema. Kishikio cha GPS kina kijisanduku kinachoshusha volti 12 za pikipiki kuwa volti 5. Nikakiunga moja kwa moja kwenye betri, kwa hoja kwamba nikiing'oa GPS hakuna kitakachokula umeme. Kumbe kijisanduku chenyewe kinakula, kidogo kidogo, usiku na mchana. Betri yangu haikuwa mpya. Niliiacha pikipiki wiki mbili, niliporudi na kubonyeza stata ikanijibu "tik" moja tu.

Nikafunga rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme wenyewe badala ya kidole, nilivyopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Ukiigeuza rilei ya gari utakuta namba chini yake, na namba hizo ndizo maelekezo yote unayohitaji: 30 inapokea umeme wa betri, 87 inautoa kwenda kwenye vifaa, 85 na 86 ni za koili. Koili niliiunga na waya wa taa ndogo ya nyuma, kwa kuwa unapata umeme funguo ikigeuzwa na kuukosa funguo ikitolewa. Upande wa pili ukaenda kwenye hasi. Sasa taa inaiambia rilei iamke, basi. Mzigo wenyewe unatoka betrini kwa njia yake na hauigusi mifumo ya pikipiki. Fyuzi niliiweka sentimita 15 kutoka kwenye betri, maana waya ukipata shoti kabla ya fyuzi, fyuzi haina habari. Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda redio. Inalinda waya usigeuke kuwa tambi ya jiko. Vifaa vyote viwili nilipovipima havikufika ampea 2, nikaweka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya unaobeba zaidi ya hapo bila kupata joto.

Fyuzi hiyo iliungua mara moja, na namna ilivyoungua ilinifundisha zaidi ya maelezo yoyote niliyosoma. Ilikuwa kwenye maegesho, nakata kona kali kushoto kwa mwendo wa miguu. Skrini ikazima na redio nayo. Nikabadilisha fyuzi, vikawaka, nikanyoosha, safari ikaendelea. Jioni nikakata kushoto tena kwenye maegesho mengine: giza. Barabarani hakuna anayegeuza usukani hadi mwisho, ndiyo maana kosa lilijificha. Nilipofungua kava nikakuta waya umepita shingoni mwa fremu bila ulegevu, na kila usukani ulipofika mwisho wa kushoto ulivutwa ukajisugua kwenye ukingo wa chuma. Plastiki ilikuwa imelika umbali wa nusu kucha, shaba inang'aa kama jino la dhahabu. Siku hizi kabla sijafunga kava lolote nageuza usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, mara kumi, tochi mdomoni, nautazama kila waya unavyotembea. Hapo shingoni nimeuvisha mrija wa plastiki na kuuachia upinde wa kutosha.

Viungio vile vya kubana vinavyouma waya bila kuuchuna, sivitaki tena. Vinafunga haraka, na ndiyo sifa yao pekee. Nilikuta kimoja kimeingiwa na maji, shaba imekuwa kijani. Betri ilikuwa inasoma volti 12.6 na kwenye plagi ya redio zinafika 11 na kitu. Sasa nabana kwa koleo lake maalumu, navisha mrija unaosinyaa kwa joto, na nikimaliza napaka grisi ya umeme kwenye plagi.

Halafu ukaja mluzi. Redio na GPS vyote vinaingia kwenye kikuza sauti kidogo kinachovichanganya na kuvipeleka kwenye spika za kofia, ili sauti ya njia iupunguze muziki inapotaka kusema. Injini ikizimwa, sauti safi. Ukiwasha, kuna kitu kama mbu, na ukivuta mafuta mbu anapanda sauti pamoja na injini. Nilitaka kuilaumu redio tena (maskini redio hii imesingiziwa mengi), lakini kabla ya hapo nikaking'oa kikuza sauti kwenye umeme wa pikipiki na kukipa betri yake ndogo pembeni. Mbu akafa. Maana yake vifaa vilikuwa vinaonana kwa njia mbili: hasi ya umeme, na hasi nyingine iliyo ndani ya kebo ya sauti. Njia hizo mbili zikawa pete, na vurugu za alteneta, mtambo wa injini unaochaji betri, zikapata pa kuzunguka. Nilihamisha hasi zote zikakutana kwenye bolti moja karibu na betri. Mluzi ukapungua kwa kiasi kikubwa, haukwisha. Kilichoumaliza ni kichujio cha kuweka katikati ya kebo ya sauti, chenye transfoma mbili ndogo ndani: sauti inavuka kwa nguvu ya sumaku, waya wa huku haugusi wa kule, pete imekatika. Baadhi ya hivi vichujio vinakula besi kidogo. Upepo wa mwendo kasi unaila yote hata hivyo.

Sasa turudi kwenye uwanja wangu wa mbuzi.

Setilaiti zinazorusha redio hii zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sambamba na dunia kiasi kwamba ukiwa chini unaziona kama zimepigiliwa misumari. Ukiwa Amerika ya Kaskazini, ikweta iko kusini kwako. Kwa hiyo redio nzima inategemea upande mmoja wa anga, na kadiri unavyozidi kwenda kaskazini ndivyo setilaiti zinavyozidi kushuka kuelekea upeo wa macho. Mimi antena nimeiweka usukanini. Nikielekea kaskazini, kusini ni mgongoni, na kati ya antena na kusini kuna mtu mzima aliyevaa jaketi zito, nusu mita tu kutoka kwenye antena, juu yake kofia ngumu, nyuma yake sanduku. Mawimbi ya gigahezi 2.3 hayapiti mwili wa binadamu kwa urahisi. Mwili ni maji, na maji yanayanywa. Asubuhi na jioni zilitofautiana kwa sababu nilikuwa naenda na kurudi!

GPS haikupata shida hata siku moja pale pale ilipo. Setilaiti zake zinazunguka kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja mara mbili kwa siku, zimetapakaa pande zote za anga, na kifaa kinahitaji nne tu. Kifua changu kikiziba mbili tatu, kinatumia nyingine.

Antena ikahamia juu ya kifuniko cha sanduku la nyuma, mahali pa juu kuliko vyote. Kifuniko ni plastiki, na antena ina sumaku chini yake, tena inapokea vizuri zaidi ikiwa na bati chini. Nilikata kipande kizuri cha alumini, nikakipiga msasa, nikakipaka rangi nyeusi, nikakigandisha kwa gundi, na ilipofika kuiweka antena ikateleza ikaanguka. Sumaku na alumini. Nilicheka peke yangu kwa muda. Kipande cha pili kilikuwa cha chuma.

Kebo ilipita chini ya kiti na ubavuni mwa fremu, mbali na koili ya plagi za injini na mbali na bomba la moshi. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyohitaji. Nilishika mkasi, nikauweka chini. Kebo ya antena ukiikata na kuiunga upya kwa mikono ya nyumbani unapoteza sehemu ya mawimbi ambayo tayari yamefika yakiwa hafifu. Iliyozidi niliikunja kwa duara kubwa na kuifunga chini ya kiti.

Nikarudi uwanjani. Kaskazini, muziki. Kusini, muziki, maana kutoka kwenye sanduku hadi mgongoni kwangu kuna kiti kizima cha abiria na antena inaona juu ya mabega. Chini ya madaraja haikatiki kabisa, kwa kuwa matangazo yanarushwa mara mbili kwa kupishana sekunde kama nne, na redio inaziba pengo kwa nakala iliyotunza. Kwenye handaki refu inanyamaza, na hilo sina ugomvi nalo.

Imebaki kasoro moja niliyoigundua mke wangu alipopanda nyuma. Tukielekea kusini, kofia yake inasimama mbele kabisa ya antena. Wimbo ulikatika katikati ya kibwagizo. Nikaanza kugonga vitufe kwa kidole gumba, mazoea ya zamani. Yeye akajiinamisha kuchukua kitu kwenye mfuko wa tangi langu, na wimbo ukarudi. Akakaa sawa, ukakatika. Hakusema kitu kwa dakika nzima. Kisha nikasikia kwenye spika ya kofia: "Baba, niiname tena, au wimbo huu huupendi?"