Niambie kwanza linachemsha ukiwa wapi

Fungua boneti ya gari kuukuu kwenye foleni ya feri pale Likoni, Mombasa, uone kila apitaye anavyogeuka fundi. Muuza maji, makanga, abiria anayewahi feri, wote neno lao moja: "Toa themostati hiyo, huku pwani hakuna baridi." Yangu siitoi, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate moto. Nimeshaitia kwenye sufuria ya maji ya moto nikaiona inafunguka yenyewe, sasa nikiitoa nitapata nini?

Gari ni Peugeot 504 steshen wagoni, lilikuwa la ami yangu. Kabureta ya kuchanganya hewa na mafuta, pointi na kondensa za kutoa cheche, basi, hakuna kompyuta. Wazee bado wanaitajia ushindi wa Safari Rally wa 1975 na 1978, ingawa ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6 na haina udugu wa karibu na hili langu la kubebea magunia.

Lilikuwa na maradhi mawili. Mshale wa joto ulipanda, na gari likisimama injini haitulii: inatetemeka, inashuka, inataka kuzima.

Basi nikajiuliza linachemsha wapi. Barabara ya Malindi, ukishapita Mtwapa na kukanyaga mafuta, mshale ulitulia. Kwenye foleni ya feri ulianza kupanda. Hapo nusu ya washukiwa wameshaachiliwa. Radieta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka huonyesha ubaya wake zaidi gari likikimbia au likipanda mlima, maana ndipo injini inapotoa joto jingi. Linalochemsha likisimama na kupoa likitembea, linakosa upepo.

Sasa feni, na hapa 504 huhadaa watu. Feni yake haishikani na puli wakati wote. Maji yakipata moto, sumaku ya umeme ndiyo inayoinasa, na umeme huifikia sumaku hiyo kupitia kipande cha kaboni kinachosugua puli. Kaboni ikiisha, feni utaiona bado inazunguka, kwa kuburutwa tu na beringi, na utaapa kuwa ni nzima. Nikazima injini, nikafungua swichi bila kupiga stata, nikaunganisha nyaya za swichi ya joto ya radieta. Sumaku ikiwa hai husikika "tik" moja safi. Kimya. Nilipoitoa, kaboni ilikuwa imebaki kama punje ya mchele. Fundi wa umeme huko Changamwe akachukua kaboni ya alteneta, akaipiga msasa mpaka ikaingia.

Joto likashuka, lakini si lote, na mtetemo uko pale pale.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wengi. Injini ikiyumba, bisibisi inakwenda moja kwa moja kwenye skurubu ya kabureta. Angalieni pointi kwanza, jamani! Kisigino cha pointi hulika kwa kusuguana na kamu ya distributa, kile kigawa cheche, mwanya wa pointi unabana, cheche inachelewa. Cheche ikichelewa, mafuta yanaungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, na joto lililopaswa kusukuma gari linaishia kwenye silinda hedi na ekzosi. Injini inalegea, mtu anakaza skurubu isizime, inakunywa zaidi, joto linazidi. Joto lililobaki na mtetemo, kumbe mzazi wao mmoja. Mwanya unatakiwa uwe karibu 0.4 mm, kwangu bamba la kipimo hicho halikupenya kabisa. Tukaweka pointi mpya, tukapanga taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa taa yake, kisha ndipo tukailegeza ile skurubu.

Bado kulikuwa na kamtetemo. Nikanyunyiza maji ya sabuni pale kabureta inapokalia manifoldi, bomba la kuingizia mchanganyiko kwenye injini, injini ikiwa inanguruma. Upande mmoja povu likavutwa ndani, na mlio ukabadilika papo hapo. Gasketi ilikuwa imekauka, inaingiza hewa ya wizi, na mchanganyiko uliopungukiwa mafuta nao huongeza joto. Tukakata nyingine kwenye karatasi ya gasketi, shughuli fupi.

Na wewe muuza maji wa Likoni, usinitilie ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na hedi ya 504 ni ya aluminiamu, chumvi huila. Mimi hutembea na kulanti yangu, maji maalumu ya radieta, kwenye buti, na mfuniko wa radieta siugusi mpaka injini ipoe, hata feri ikiniacha.