Saa ya Maalim

Alasiri moja, Chake Chake, Maalim aliyenisomesha zamani alikuja na kompyuta yake, simu na begi la safari. Akaunti yake ya kazini ilikuwa imemkatalia tangu asubuhi, naye keshoye alikusudia kupanda boti Mkoani aende Unguja kuomba ruhusa.

"Maalim, ukurasa unaandika nambari gani?"

"Mia nne na moja."

Nikamwomba asikate tiketi. 401 ni seva, kompyuta ya mbali inayotunza akaunti, kusema haijakutambua: neno la siri au uthibitisho mwengine una kasoro. Aliyenyimwa ruhusa hupata 403, na huyo hata abadilishe neno la siri mara kumi hafunguliwi mpaka msimamizi ampe haki. Watu huzichanganya sana hizi mbili, na kwa mtu wa Pemba kosa hilo ni nauli na siku mbili za kazi.

Neno lake la siri lilipita. Kilichokataliwa ni zile tarakimu sita zinazotolewa na programu ya simuni. Akazijaribu harakaharaka, ikaja 429: umejaribu mara nyingi mno. Hapo dawa ni kuacha kabisa, maana kila ukibonyeza huenda ukajirefushia adhabu. Ukurasa ulitaka dakika 15, tukangoja.

Katika kungoja ndipo nilipoitazama simu yake. Ilisoma 9:12, na kweli ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili za mchana. Usiku wa jana yake aliirekebisha kwa mkono isome saa ya Kiswahili. Lakini simu yenyewe ilijua ni asubuhi, saa sita nyuma. Tarakimu zile hutokana na siri iliyohifadhiwa simuni pamoja na wakati wa dunia, ule mmoja kwa nchi zote, na hubadilika kila sekunde 30. Seva kwa kawaida husamehe zamu moja mbele au nyuma. Saa sita ni zamu 720.

Tukaingia kwenye mipangilio, tarehe na saa, tukairudisha ijirekebishe yenyewe kwa mtandao. Dakika 15 zilipotimia akaingia mara moja.

"Na saa yangu ya Kiswahili ndiyo imekwenda?"

Haikwenda. Kisichoguswa ni saa. Huguswa ukanda wake, yaani eneo la dunia ambalo simu hufuata majira yake. Nikamchagulia ukanda wa Buenos Aires, Ajentina, ulio nyuma yetu kwa saa sita: kioo kikasoma saa tisa na ushei, na wakati wa dunia ndani ukabaki sahihi. Hata miadi ya kalenda ingeonekana kwa saa hizo hizo za Kiswahili, jambo ambalo Maalim alilipenda zaidi.