Nilivyopata siti saba bila kuchomelea benchi kwenye buti la Probox

Kwangu tuko watu saba na Probox ina siti tano. Mimi na mama watoto, watoto wanne, na mama mkwe ambaye alihamia kwetu hapa Nkuhungu, Dodoma, toka Kongwa baada ya miguu kuanza kumsumbua. Mjini tulikuwa tunajigawa, wengine gari wengine bajaji, kanisani tunafika kwa mafungu kama kwaya mbili tofauti, lakini safari ya Kongwa ndo ilikuwa mtihani maana huko unajikuta unawalipia watu nauli ya basi mpaka Mbande na wewe mwenyewe una gari unalitia mafuta. Kila niliyemwambia alinipa jibu moja, chomelea benchi nyuma yaishe. Na ukisimama pale Kibaigwa muda kidogo tu utaziona hizo michomoko, yani gari ndogo zinazobeba abiria, watu wamekunjwa kwenye buti magoti yamegusa kioo, kwahiyo huku kwetu hakuna anayeshangaa.

Nikaenda kwa fundi mmoja anayechomelea mageti na siti za bajaji. Akaniambia kuna aina mbili, benchi mbili za pembeni mnakaa mnatazamana kama kwenye Land Cruiser hadtop za zamani, au siti ya Noah ya mtumba inayoangalia mbele. "Bosi hii nakupigia skwea paipu naichomelea kwenye sakafu, juu sponji na leza, hata umpakie tembo haing'oki." Nikamuuliza mkanda je, tutaufunga wapi? Akacheka. "Mkanda wa nini bosi, kule nyuma trafiki haoni."

Hapo ndo nikaanza kuuliza watu wengine, na kijana mmoja fundi bodi, mtulivu sana, akaniinamisha chini ya gari akanionesha. Gari ndogo kama Probox haina chesesi kama lori, bodi yenyewe ndo chesesi, na sakafu ya buti ni bati ambalo halifiki hata milimita moja. Siti za kiwandani hazijafungwa kwenye bati tupu, pale bolti linapoingia kuna chuma kimeongezwa kwa ndani na nati imechomelewa huko huko kiwandani. Mkanda nao hivyo hivyo. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 14, inahusu sehemu za kufungia mikanda tu, gari ndogo zinapopimwa mkanda wa pointi tatu unavutwa kwa nguvu inayozidi tani 1.3 upande wa bega na nyingine kama hiyo hiyo upande wa kiuno, kwa pamoja, na hautakiwi kung'oka. Sasa weka hiyo tani kwenye skwea paipu iliyogusishwa na bati kwa welding ya dukani. Itatoka na benchi na mtoto juu yake.

Na sio lazima uwe unakimbia. Pale vijijini kuna kibao cha 50, si ndio, tunajiona tunaenda taratibu. Mtu asiyefunga mkanda gari likagonga kwenye 50 ni sawasawa na kudondoka toka mita kama 10 juu, yani ghorofa ya tatu. Mi hesabu hii nilirudia mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu maana sikuamini.

Alafu kuna vitu ambavyo hata sikuwa nimeviwaza. Tanki la mafuta liko huko huko nyuma chini, na jamaa anataka apige welding karibu yake. Buti lenyewe limetengenezwa lijikunje ukigongwa kwa nyuma ili walioko siti ya kati wapone, kwahiyo ukiweka mtoto pale umemuweka kwenye sehemu iliyopangwa kupondwa, na barabara yetu ya Morogoro mnajua malori ya Rwanda na Kongo yanavyokaa mgongoni mwako. Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, gari likiwaka moto au likilala ubavu, wa kule nyuma anasubiri wa nje. Na zile benchi za kutazamana ndo mbaya kuliko zote, shingo inapigwa upande na hamna cha kuizuia.

Kitu kilichonishangaza ni uzito. Nilidhani tatizo litakuwa uzito, kumbe kwenye makaratasi haliko mbali hivyo. Probox ile ya van inabeba kilo 400 mkiwa wawili, mkiwa watano zinabaki 250. Watu wawili na benchi la chuma hawamalizi hizo. Tatizo ni kwamba wote wanakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaelea, taa zinaangalia juu usiku unawapiga wenzako machoni, na bado hujaweka begi hata moja. Na nani ametoka Kongwa bila mzigo?

Nikapita kwa dada anayenikatia bima. Mi natumia bima ndogo (third party), ile ya 118,000, na nilikuwa najua tu kwamba ina stika, sijawahi kusoma karatasi yake. Yeye akaifungua. "Kaka hapa uliandika gari binafsi, abiria watano, ndo tulichokatia. Ukiongeza siti bila kuniambia hiyo sio gari tuliyoiandika." Akanielewesha kwamba ikitokea ajali kampuni inaweza ikamlipa aliyeumia alafu ikanigeukia mimi idai pesa yake, au ikakataa kabisa, na kila shilingi ya hospitali na ulemavu inakuwa ya kwangu. Nikauliza na fundi aliyechomelea? Akaniuliza, fundi ana risiti? Ana kibao? Basi.

Kwenye kadi ya gari pia imeandikwa idadi ya siti, iangalieni, na mabadiliko kama hayo yanatakiwa yaandikishwe TRA. Faini ya trafiki ya 30,000 wengi wanaichukulia kama nauli ya njiani, lakini hiyo ndo ndogo kuliko zote. Huku kwetu ikitokea ajali ndugu wanakaa, wanaandika barua ya msamaha, tunasema tumemaliza kifamilia. Akifa mtu haiishi hivyo, mshtaki ni Jamhuri sio shemeji yako, na barua ya msamaha haifuti kesi. Tena fikiria anayekaa kule nyuma ni mtoto wako mwenyewe, sasa nani anamsamehe nani.

Mama watoto alishaamua siku nyingi, mi ndo nilikuwa nazunguka. Tukaiuza Probox, na haikukaa sokoni, Probox Dodoma ni kama karanga. Aliyenunua swali lake la kwanza lilikuwa buti linaingia benchi ngapi. Nikamwambia niliyoyajua yote, akanisikiliza kwa heshima, akalipa, akaondoka.

Kutafuta gari ya siti saba ndo ilikuwa kazi. Noah ilikuwa inazidi mfuko wangu na mafuta yake, nikabaki na Wish, Sienta na Spacio ile ya toleo la pili, hizi tatu zimetoka Toyota na safu ya tatu. Ila usiridhike na kuhesabu siti. Kuna Caldina niliikuta sehemu, safi, inang'aa, muuzaji anasema siti saba mzee, nikaomba kadi, imeandikwa tano. Nikainua kapeti nikaona alama za welding zimepakwa rangi nyeusi. Baada ya hapo kila gari nilianza na kadi, alafu kapeti, bolti za siti ziwe na rangi ya kiwandani haijakwaruzwa na spana, alafu mkanda wa kila siti nauvuta kwa nguvu ghafla, usiposhika haufai, na kichwani pawe na kile kiegemeo, maana watu huving'oa wakavipoteza.

Nikapata Wish, nikaongezea juu ya pesa ya Probox na kukopa kidogo kikundini. Mkanda mmoja wa safu ya tatu ulikuwa umekwama, muuzaji akasema si mnakaa watoto tu hapo, nikakata bei nikanunua mkanda mzima wa gari iliyochinjwa, ukafungwa kwenye matundu yake yale yale. Bima nikakata upya kwa siti saba. Jirani alishauliza kama tunaweza kuchangiana mafuta nimbebee na wanawe shuleni kila siku, nikamjibu siti zimeisha, na hata zingebaki kupokea hela kwa gari ya namba ya njano yenye bima binafsi ni kesi nyingine tena.

Safu ya nyuma wanakaa wale wakubwa wawili, mdogo yuko kati kwenye kiti chake, bibi mbele kwa ajili ya miguu. Ila ukiinua siti zote buti linabaki la kuweka mkoba wa kanisani tu. Mama mkwe hajalikubali hilo, kila tukitoka Kongwa anataka gunia la karanga liingie kwenye miguu ya watoto, tunabishana kwa adabu pale uani, mwisho gunia linapanda basi nami nalifuata stendi Nzuguni kesho yake.